Nilichowasomea Watu wa Chunyu

Mwaka ule wa hamsini na nne mvua zilitangulia. Kufika katikati ya Januari mto Mbwemkuru ulikuwa umejaa ukingo kwa ukingo, na mimi nilikuwa na mambo mawili tu moyoni: mashua na Zaina. Nilidhani nitayapata yote mawili. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na mtu wa umri huo hudhani mengi.

Mashua ilikuwa ya Mzee Shaibu. Aliirithi kwa wajomba zake, akavusha nayo watu kila masika mpaka nguvu zikamwisha, nayo ikaachwa ukingoni. Ilipofungwa kazi ya mashamba ya karanga kule Nachingwea, nilikokuwa seremala, nilirudi nyumbani na msumeno, randa na tezo yangu, nikaikuta imelala ubavu mchangani, mataruma, zile mbavu zake, ya upande mmoja yameliwa na mchwa.

"Mikidadi," Mzee Shaibu akaniambia, "ukiiponya hii, nusu yako."

Ilinichukua miezi minane. Nilitoa mbao mbovu nikaweka za mninga, nikaziba nyufa kwa kalafati ya pamba na mafuta ya ufuta, nikaijengea paa la nyasi na mabenchi mawili. Siku tuliyoiingiza majini, yule mzee aliingia nayo mpaka kiunoni, akalia bila kuficha uso.

Habari ya daftari ilianza naye pia. Jioni moja aliniambia, "Mwaka wa mwisho niliovusha watu, nilivusha maiti sita za wazee. Hakuna aliyeuliza hata mmoja wao alizaliwa wapi. Wewe umesoma. Kwa nini huandiki?"

Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la sita. Nikanunua daftari kubwa la jalada gumu kwenye duka la Mhindi mjini Nachingwea, na kuanzia hapo kila mzee aliyepanda mashua alikaa nami kwenye benchi la mbele akasema anayoyajua: nani alihamia ukingo upi, mwaka gani mto uliacha njia yake, ndugu gani waligombana na kwa nini. Tulipanga maji yakijaa tuteremke nayo, tusimame kila kituo, niwasomee watu habari zao, anayejua zaidi aongeze. Habari zilienea upesi. Wengine walivuka bila safari yoyote, ili waandikwe tu.

Zaina alikuja na bibi yake mwezi wa Desemba, mvua za kwanza zikinyesha. Nilimwona akimshusha yule kikongwe kwenye utelezi, hatua kwa hatua, kanga ya juu ameivua amemfunika bibi, yeye mwenyewe analowa.

"Shikamoo Mzee Shaibu," alisema. Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye fundi wa maneno?"

"Mimi ni fundi wa mbao. Maneno najaribu."

"Bibi anataka kuandikwa. Lakini Kiswahili chake ni cha salamu tu. Kimwera unakijua?"

"Cha sokoni."

Akacheka. Baba yangu alikuwa Mmakua, mtu wa kuja, aliyevuka Ruvuma na mke na jembe moja, na mimi Kimwera nilijifunza kwa kununua mihogo.

"Basi nitakaa katikati yenu," alisema Zaina. "Yeye atasema, mimi nitakwambia, wewe uandike. Ukiandika uongo nitajua. Nimesoma mpaka darasa la nne."

Walikuja siku tatu. Siku mbili za mwanzo Bibi Sabaha alisema habari za mvua, za simba, za ngoma za unyago za zamani. Alipenda kunitania. "Mume wangu huyu ana mikono mizuri," alisema, na Zaina alilazimika kuitafsiri, huku akitazama maji. Nami nikawa nachelewa kuandika makusudi, ili arudie sentensi, ili anitazame kuona kama nimeelewa. Macho yake yalikuwa ya mtu anayesikiliza kwa macho. Nikimkumbuka leo, ndiyo yanayonijia kwanza.

Siku ya tatu yule bibi hakutania.

"Andika," alisema. Zaina akaanza kutafsiri, kwa sauti ya kawaida. "Mwaka wa njaa, baba yangu alinishika mkono akanileta mtoni, kwetu, Chunyu. Nilikuwa nimeota meno mapya ya mbele. Mama alitufuata nyuma, mdogo wangu Somoe yuko mgongoni mwake. Mtu wa ng'ambo alikuwa na vikapu viwili vya mtama. Baba akashika vikapu, yule mtu akanishika…"

Bibi akamgusa Zaina goti, aendelee.

"…akanishika mkono mimi. Mashua ilipoondoka, mama aliingia majini akatufuata. Akatembea mpaka maji yakamfika kifuani. Kisha akamkumbuka mtoto wa mgongoni, akarudi. Sikumwona tena. Huku nikalelewa kama mtumwa wa nyumba, nikakua, mwenye nyumba akanichukua, nikamzaa Swalehe."

Swalehe alikuwa baba yake Zaina. Nilisikia mvua ikigonga nyasi za paa. Zaina alikuwa amemshika bibi yake mikono miwili.

"Bibi, sikujua."

"Hukuuliza," alisema Bibi Sabaha. Akanigeukia mimi, akatumia Kiswahili chake kile kidogo. "Chunyu, utasoma?"

"Nitasoma, Bibi."

"Usisome Sabaha. Sabaha jina la huku. Soma Atuweni." Kisha akarudi kwenye Kimwera, na Zaina akanipa maneno yake huku machozi yanamtiririka: "Kama kuna mtu wa kwetu aliyebaki, atasikia. Nimengoja mtu wa kunisemea tangu sina meno ya nyuma mpaka leo sina meno tena."

Alicheka mwenyewe, akacheka peke yake.

Tulipomfikisha ukingoni, Zaina alirudi kuchukua mwavuli waliousahau. Nadhani aliusahau kwa kutaka.

"Leo hukuchelewa kuandika hata neno moja," alisema. "Nimeona."

"Na wewe umetafsiri huku unalia."

"Hutaupoteza ukurasa ule?"

"Siupotezi."

Akakunja mwavuli, akaukunjua. "Mshenga wenu mtamtuma lini, Mikidadi? Au mpaka mto ukauke?"

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita kwa jina. Juma lile lile baba yangu mkubwa, Mzee Jumaa, alikwenda kwa Mzee Swalehe na barua ya posa.

* * *

Mzee Swalehe alikuja mwenyewe, peke yake, asubuhi moja nikinoa tezo. Alikuwa mtu mrefu, kanzu safi hata kwenye tope, mwenye shamba kubwa la mikorosho na neno linalosikika barazani kwa jumbe. Nilimpa kigoda. Alikaa, akaitazama mashua kwa muda.

"Kazi nzuri," alisema. "Mshenga wenu nimempokea. Wewe ni mtu wa kuja, lakini una kazi na una swala. Mimi sina neno na wewe."

"Ahsante, Baba."

"Ila daftari lako lina neno na mimi."

Nikajua. Bibi alikuwa amesema nyumbani, kwa furaha yake, kwamba ameandikwa.

"Baba, ni yeye mwenyewe aliyesema."

"Najua. Na kweli kasema kweli." Hakupandisha sauti. "Sikiliza, mwanangu. Nyinyi Wamakua mnajua, nasi Wamwera tunajua: ukoo hufuata mama. Mimi nimekaa na watu miaka hamsini nikisema mama yangu alitoka upande wa Liwale, binti wa jumbe, akaolewa kwa ngoma. Nani atakwenda Liwale kuuliza? Ukisoma kwamba alibadilishwa kwa mtama, umewasomea watu kwamba mimi sina kwetu. Zaina ukoo wake ni wa mama yake, lakini watamwita mjukuu wa mtumwa. Na watoto utakaozaa naye? Watoto wa vikapu viwili. Hilo ndilo jina watakaloitwa."

Nilikuwa nimewaza habari ya Bibi Sabaha kama habari ya zamani. Sikuwa nimewaza kwamba kuna watu wanaiishi.

"Unataka nifanye nini?"

"Ukurasa ule utoke. Andika mwingine, nitakwambia. Ukifanya hivyo, mwezi wa Machi mnafunga ndoa. Usipofanya, sitakuchukia. Nitamrudishia Mzee Jumaa barua yake."

"Na Zaina?"

"Zaina hana haja ya kujua kabla; mbele ya watu hatanibishia. Ukisoma, soma haraka, na uende ukurasa unaofuata. Mama hajui Kiswahili."

Akaniacha nifikiri siku moja. Sikuhitaji siku. Hilo ndilo linaloniuma: watu husema walipigana na nafsi zao, mimi sikupigana sana. Nilimwona Zaina ndani ya nyumba niliyokuwa nimeanza kuikandika, nikaona ukurasa mmoja wa karatasi, nikapima. Ningeweza kumwambia. Alikaa mwendo wa nusu saa tu kwa mguu. Nilijiambia nitamwambia tukishaoana, siku ikiwa nzuri.

Niliuchana ukurasa, nikautia kwenye moto wa kuchemshia gundi. Nikaandika mwingine kama nilivyoambiwa. Mzee Shaibu aliniona.

"Unafanya nini?"

"Nasahihisha."

Alinitazama, akarudi kukunja kamba yake. Hakuniuliza tena, na nilishukuru kwamba hakuniuliza.

* * *

Tuliteremka Chunyu mwisho wa Januari. Mashua ilijaa: Mzee Shaibu nyuma na upondo wake wa kusukumia, wazee wengine wanne, Mzee Swalehe na kanzu yake, na Bibi Sabaha kwenye benchi la mbele, amevikwa kanga mpya, amepakwa wanja. Zaina alikuwa amemshika kiuno njia nzima. Mara moja akanitupia jicho, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, nami nikajitia kuangalia kalafati.

Watu wa Chunyu walikuwa wamejaa ukingoni. Wameketi mchangani, wakubwa kwa wadogo, wanawake na ungo zao. Nilisimama ndani ya mashua nikasoma habari za wazee wengine kwanza, watu wakacheka, wakabisha, wakaongeza. Kisha Bibi Sabaha akanivuta shati.

"Sasa mimi," alisema.

Zaina akasogea akasimama kando yake, tayari kumtafsiria.

Nikasoma. Nakumbuka kila neno, maana ni machache. "Bibi Sabaha ni mtu wa juu, upande wa Liwale, binti wa jumbe. Aliletwa kwa heshima na jamaa zake, akaolewa kwa ngoma ya siku tatu, akamzaa Mzee Swalehe."

Nikafungua ukurasa uliofuata upesi upesi, lakini Bibi alikuwa akimtazama Zaina.

"Kasema nini?" aliuliza kwa Kimwera. Hicho hata mimi nilikielewa.

Zaina alinyoosha mkono, akalichukua daftari mikononi mwangu. Akasoma mwenyewe, midomo ikicheza. Akapitisha kidole kwenye mshono wa katikati, pale palipobaki meno ya karatasi iliyochanwa.

"Zaina," alisema baba yake kwa upole. "Bibi amechoka na jua."

"Mwanangu, kasema nini?" Bibi aliuliza tena. "Wamesikia? Mbona hakuna anayesimama?"

Zaina akapiga magoti mbele yake. Akamwambia kwa Kimwera, polepole, nikaelewa neno kwa neno ingawa ningependa nisielewe: "Bibi, kasoma habari za mtu mwingine."

Yule kikongwe akafikiri. Akanitazama mimi, si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayeangalia mlango aliodhani uko wazi. Kisha akasema jambo, na Zaina akalitafsiri kwa sauti kubwa, watu wote wasikie.

"Anasema: huyo mtu mwingine ni nani? Nimpe pole, maana amekaa mahali pangu."

Mzee Swalehe alimwinua mama yake, akamshusha ukingoni kivulini, akisema na watu huku anacheka kwamba uzee ni maradhi. Wazee wakaanza kuzungumza mambo mengine. Sisi wawili tukabaki ndani ya mashua.

"Zaina, nisikilize."

"Nakusikiliza."

"Baba yako alisema hakuna ndoa nisipo…"

"Nimeshaelewa alichosema baba. Nimekaa naye miaka kumi na tisa. Wewe ulisema nini?"

"Nilikutaka wewe."

"Mimi nilikuwepo! Mimi nilikwambia mlete mshenga. Mimi mwenyewe, msichana, nilikutamkia. Ulikuwa unanitafuta wapi?"

"Nilitaka watoto wetu wasitukanwe."

"Watoto wetu." Alirudia kama anaonja kitu kichungu. "Ungewaambia nini siku wakiuliza bibi yao alitoka wapi? Ungewasomea hiki?"

"Ningekwambia tukishaoana."

"Ningekuwa nimeshalala nawe. Ningekuwa nimeshazaa, pengine. Halafu uniambie." Aliliweka daftari kwenye benchi, kwa adabu, kama mtu anayerudisha chombo cha watu. "Baba aliogopa aibu. Yeye ni mtoto wake, namwelewa. Wewe uliogopa nini, Mikidadi? Wewe ndiye uliyesikia. Tulikuwa watu wawili tu duniani aliotuambia."

"Nitaandika upya. Leo hii. Nakumbuka kila kitu."

"Andika," alisema. "Lakini Bibi hatakuja kukusemea tena."

Akashuka. Tuliporudi, alikaa na bibi yake kwenye benchi la nyuma, karibu na Mzee Shaibu, na mimi nilisukuma upondo mbele nikiwa nimewapa mgongo. Hakuna safari ndefu niliyoijua kama ile.

* * *

Bibi Sabaha alishikwa na homa kabla mwezi wa Februari haujakwisha, akafariki. Nilikwenda mazikoni, nikachimba kaburi na wanaume wengine. Mzee Swalehe alinishika mkono mbele ya watu na kuniita mwanangu. Mwezi wa Machi alituma neno kwa Mzee Jumaa kwamba yeye yuko tayari, ahadi ni ahadi, lakini binti amekataa. Alijaribu kumlazimisha, Zaina alimjibu kwamba akiozwa kwa nguvu atasimama siku ya ndoa aseme habari ya vikapu viwili mbele ya shehe na jumbe. Baba yake hakuligusa jambo lile tena.

Nilikwenda mara tatu kumwona. Mara mbili nilimkuta shambani na mama yake, tukasalimiana. Mara ya tatu aliniambia, "Usije tena, Mikidadi. Watu watadhani kuna kitu."

Masika ya mwaka uliofuata, asubuhi ya umande, alishuka ukingoni na kisanduku cha bati kichwani.

"Nivushe," alisema. "Nakwenda Chunyu."

Mzee Shaibu alikuwa mgonjwa, hakuna abiria mwingine. Nikachukua kisanduku, nikakiweka kavu. Alikaa benchi la mbele, mahali pale pale pa bibi yake. Nilisukuma mpaka katikati ya mto ndipo nikamuuliza.

"Unakwenda kutembea?"

"Nakwenda kukaa. Baada ya arubaini nilikwenda kwa miguu, nikavushwa na mtumbwi wa wavuvi, nikauliza nyumba kwa nyumba. Niliwapata. Ukoo mzima, Mikidadi. Wajomba wa baba, watoto wa wajomba. Hawana aibu nasi. Walimtafuta Bibi miaka yote. Mwaka ule ule wa njaa ulipokwisha, mama yake alirudi ukingoni na vikapu viwili vya mtama, kumkomboa. Mashua ilikuwa imekwisha kufungwa kwa kiangazi, na yule mtu aliyemchukua Bibi, mama yake hakumwona tena wala hakujua anakokaa."

Nilishika upondo nisijue niutie wapi.

"Baba alikwenda kwao mwezi wa Shaaban," aliendelea. "Amekaa nao siku nne. Amerudi amenyooka kama kijana. Sasa anao wajomba wa kweli, haihitaji tena Liwale." Alitabasamu kidogo, bila furaha. "Wamenichumbia kijana wa huko. Anaitwa Seleman. Ni mkulima tu. Nimekubali."

"Ni mtu mwema?"

"Anasema mambo kama yalivyo."

Maji yalikuwa mazito siku ile, yanavuta. Nilijitahidi mashua isigeuke. Nilitaka safari iwe ndefu na nilitaka iishe.

"Zaina, nisamehe."

"Nimekusamehe tangu mwaka jana. Kukuamini ndiko nimeshindwa. Nilijaribu, Wallahi. Kila nikikaribia kukutuma mtu, nasikia Bibi anauliza, kasema nini."

Tulifika. Wanawake wa Chunyu walikuwa wanamngoja juu ya ukingo, mmoja akapiga kigelegele. Niliruka, nikashika kamba, nikampa mkono ashuke. Aliushika. Hakuuachia mara moja.

"Kuna jambo sikutaka kukwambia," alisema. "Lakini nikikuficha nitakuwa nimefanya kama wewe. Somoe yuko hai. Yule mdogo wake, mtoto wa mgongoni. Haoni siku hizi. Ndiye ninayekwenda kumtunza."

"Yuko hai? Laiti Bibi…"

"Alikuwepo siku ile, Mikidadi. Alisikia kuna mashua inayosomea watu habari za wazee, akaomba aletwe. Alikaa nyuma kabisa, kwenye mchanga, pale." Alielekeza kwa kidevu. "Mama yao alimwachia jina moja tu, Atuweni, la kulingoja maisha yake yote. Alisikiliza mpaka uliposoma mtu wa Liwale, binti wa jumbe. Kisha akasema, si yeye, nirudisheni nyumbani."

Akaniachia mkono, akapanda kwa wenziwe. Mimi nilibaki nimesimama ndani ya maji, kamba mkononi, nikiangalia pale mchangani. Palikuwa karibu sana. Hata kikohozi cha Bibi Sabaha kingeweza kusikika pale.